Mwenye Saa Ana Kazi

Kerubo mwanangu,

Sitakuuliza hali, maana nakusikia hapo upande wa pili wa ukuta ukifunga begi na kulifungua tena, na mama yako akikwambia hiyo sweta iwe juu kabisa, Eldoret si Al Wakrah. Habari za sweta, za kupiga simu ukifika, za kutoiacha pasipoti ovyo, zote amekwisha kukwambia, na nyingine amezirudia mpaka umeguna. Mimi hayo namwachia yeye. Nina jambo moja tu, na kwa mdomo limenishinda. Tulipokuwa mezani nilijaribu kuanza, ukasema, "Baba, tafadhali usianze hotuba," mkacheka nyote wawili, nami nikacheka. Basi naandika. Isome kwenye ndege au kwenye basi, popote utakapopata nafasi, lakini isome kabla hujavua viatu nyumbani kwa Mama Nekesa.

Mama Nekesa umemjua kwa simu tu. Unajua ni mjane wa Wafula, rafiki yangu, na unajua kwamba siku aliposikia umepata nafasi ya chuo cha uuguzi hakungoja tumwombe. Alisema, "Mtoto wa Baba Kerubo hawezi kulala hosteli na mimi niko. Atalala na Nekesa." Anakupokea kwa sababu anaamini kwamba mumewe alipokosa kazi huku Doha, mimi na chama chetu tulimshika mkono mpaka siku yake ya mwisho. Anaamini hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Si kweli, Kerubo. Hatukumshika mkono, na mimi nilikuwa sababu kubwa ya kutomshika.

Leo baada ya ibada nilitoka nje, nikakaa ndani ya gari, nikampigia simu nikamweleza yote. Sikutaka ulale kwenye kitanda ulichopewa kwa uongo wangu. Alichonijibu nitakiandika mwisho. Sikufichi ili kukuweka roho juu. Ni kwamba hutaelewa jibu lake kabla hujajua nilichomwambia.

Unajua nilikuja nchi hii kama mtunza saa. Kila alfajiri nilisimama penye mabasi ya kampuni kule Industrial Area, naandika nani kapanda, nani kachelewa, na jioni nani karudi. Baadaye nikapandishwa ofisini, upande wa mishahara, ndipo nikaweza kukuleta wewe na mama yako. Kazi yangu yote ilikuwa saa za watu wengine. Saa ya kawaida, saa ya ziada, saa ya Ijumaa. Nilikuwa hodari na nilijijua kuwa hodari, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Chama ulikijua ukiwa mtoto, kwa jinsi ulivyokijua wewe: chapati za Mama Otieno pale kwake Al Wukair kila Ijumaa, na watoto mkifukuzwa mkacheze chumba cha ndani wazee wanapoanza mkutano. Huko ndani hamkusikia tuliyokuwa tukizungumza. Mgeni akipoteza kazi hapa hakuna serikali inayompa chochote, wala huko kwetu hakuna ya kumpelekea. Kwa hiyo tulijitengenezea wenyewe. Kila mwenye mshahara alitoa kidogo, na aliyepoteza kazi alilipiwa kodi ya chumba na chakula mpaka apate nyingine. Mfuko ulikuwa mdogo, uliweza kumbeba mtu mmoja kwa wakati. Tuliuita godoro, kwa sababu ukianguka unaangukia hapo. "Nani yuko kwa godoro?" ndilo lilikuwa swali la kwanza la mkutano, na hata mwenyewe aliyelilalia alicheka.

Basi kukatokea dereva mmoja, tukamlaza kwenye godoro, kumbe jioni anaendesha gari la mtu na kulipwa vizuri. Watu walikasirika sana. Mimi nikasimama. Nilikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, nalikumbuka hadi leo. Nikasema, "Jamaa, tusisumbuke. Mwenye saa ana kazi. Mtu akipata hata saa moja ya kulipwa, ashuke kwenye godoro, apande mwingine." Walipiga makofi. Mama Otieno, mwenyekiti wetu, alisema hiyo sasa ndiyo sheria. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mama yako, akaniuliza, "Na mtu akipata saa moja peke yake, atakula nini?" Nikamwambia mambo ya ofisi hayajui. Mungu anisamehe.

Mtu wa kwanza kukutana na sheria yangu alikuwa Wafula. Alikuwa askari wa ulinzi, analala kambini Industrial Area, na kampuni yake ikanyang'anywa lile jengo walilokuwa wakililinda, wakamwachisha. Alikuja mkutanoni na viatu vyake vya ulinzi, amevipaka rangi. Wengine wangenyamaza. Yeye alisema mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kuna bwana mmoja humwita usiku kupanga viti na kutandika mazulia kwenye mahema ya harusi. Wiki nyingine anaitwa, wiki nyingine simu hailii kabisa.

Nikamwambia, "Ndugu Wafula, hizo ni saa."

Akasema, "Ni saa, Baba Kerubo, sikatai. Lakini si kazi. Kazi ni ile unajua hata kesho iko."

Watu walitabasamu, maana alikuwa na namna yake ya kusema ya Kibukusu. Nikatabasamu na mimi, nikasema sheria ni sheria, tukianza kupima saa za huyu na za yule hatutamaliza. Wakakubaliana nami. Wafula akasema, "Sawa, nimeskia," akaketi, akala chapati pamoja nasi, na alipokuwa akiondoka alikuita wewe daktari kama alivyozoea. Hakuninunia. Ningefurahi kama angeninunia.

Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, hiyo tunaisema kila siku, na mara nyingi anayeisema ameshiba. Haukupita muda mrefu kampuni yetu nayo ikafunga ofisi. Waliniachia kitambulisho cha kukaa nchini mpaka muda wake uishe, nitafute kampuni nyingine ya kunichukua. Tuliiacha ile nyumba yenye roshani uliyoipenda, tukahamia chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao, na wewe ukawa unafanyia kazi za shule juu ya kitanda. Mama yako alikuwa kwa visa ya familia, hakuruhusiwa kuajiriwa. Nikaenda mkutanoni. Mama Otieno akauliza kwa upole, "Una saa zozote, Baba Kerubo?" Nikasema sina, na siku hiyo ilikuwa kweli. Wakanilaza kwenye godoro.

Aliyekuja kunitafuta ni Wafula. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na aliyenifaa mimi ni mtu niliyemnyima. Alinipigia akasema, "Buda, kuna kazi ya hema leo usiku, wanataka watu wawili. Najua wewe ni mtu wa ofisi, lakini zulia halijui." Nikaenda. Tulibeba mazulia mabegani, tukapanga viti vya dhahabu, na msimamizi anapiga kelele yalla, yalla, haraka, na jasho linaingia machoni. Karibu na alfajiri Wafula alinifungia wali wa harusi na nyama ndani ya karatasi ya fedha, akasema, "Mpelekee daktari." Unaukumbuka wali ule. Ulikuwa unauliza, "Baba, leo nani ameoa?" Mama yako anakwambia kula, usiulize.

Ijumaa iliyofuata ilinipasa nishuke. Sheria ilikuwa yangu. Lakini nilikaa nikapiga hesabu ambayo sikuwahi kuipiga nilipokuwa na mshahara. Saa za wiki ile zingetulisha wiki ile. Je, ijayo? Nikishuka leo, na bwana wa mahema asipige simu, nani atanipandisha tena, na mwingine amekwisha lala? Ndipo nikaelewa neno la Wafula. Nililielewa lote, Kerubo, kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mama yako akaniambia jambo ambalo ningelifuata nisingekuwa naandika barua hii. Alisema, "Nenda usimame Ijumaa useme sheria yako ni mbaya. Uliitunga kwa sauti, itengue kwa sauti." Sikwenda kusema. Si kwamba sikujua. Niliona aibu. Mimi mtu wa mishahara, mtu wa shati jeupe, nikasimame mbele ya wauguzi na madereva niseme nilikosea, na Wafula ameketi pale? Niliona afadhali kudanganya kuliko kukosea hadharani. Basi nikawa nachukua godoro mchana na mazulia usiku, na kila Ijumaa nikiulizwa nasema, "Bado."

Na wewe nilikuingiza. Mama Otieno alikuwa na desturi ya kupiga simu jioni kutujulia hali, na mara moja nilikuwa nimesimama mlangoni na viatu vya kazi, nikakuonyesha kwa kidole upokee simu, nikakunong'oneza useme baba amelala. Ulisema. Kisha ukaniangalia mpaka nikafunga mlango. Ulikuwa mtoto ambaye hata biskuti ukila bila ruhusa ulikuja kusema mwenyewe. Sijawahi kukuomba radhi kwa siku ile. Nakuomba leo.

Ramadhani ilipoingia harusi zilikoma, na baada yake joto likaja, watu wenye uwezo wakasafiri. Simu ya bwana wa mahema ikanyamaza kwa Wafula. Mimi bwana huyo bado aliniita mara chache kupakia vitu stoo, kwa sababu nilijua kuandika hesabu ya viti. Wafula akarudi kuomba mkutanoni. Safari hii alisema, "Sasa sina hata hizo saa. Nimekuja tena." Alikuwa amekonda, shingo imeingia kwenye kola.

Mama Otieno akasema godoro lina mtu. Kisha akanigeukia mimi, si kwa ubaya, ila ndivyo mkutano ulivyoendeshwa, akaniuliza, "Baba Kerubo, una saa zozote siku hizi?"

Wafula alikuwa ameketi mkono wangu wa kulia. Alijua. Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya kule stoo. Neno lake moja lingetosha, na angekuwa na haki. Mimi nikasema, "Sina."

Wafula alijifuta uso kwa leso, akatazama sakafu. Mama Otieno akamwambia, "Vumilia kidogo, Wafula. Baba Kerubo akipata kazi, wewe ndiye unafuata." Tulipotoka nje nilimshika bega, nikaanza kueleza habari zenu, habari za chumba, habari za shule yako. Akanikatiza: "Buda, una mtoto hapa. Mimi wangu wako nyumbani, kwa nyanya yao, wana shamba. Wacha tu." Hivyo ndivyo alivyoniacha. Tangu siku ile sijaweza kupokea wema wa mtu bila kuogopa.

Akachukua kazi ya kuosha matangi ya maji juu ya paa, kwa mtu asiye na kampuni wala karatasi. Wakati wa joto kuna sheria ya kutofanya kazi juani mchana, lakini sheria hiyo huwafuata wenye mabasi na kofia za kampuni. Mtu wa kuitwa kwa simu hana wa kumkagua. Walimkuta ameketi, ameegemea tangi, wakadhani amepumzika. Alifikishwa hospitali akiwa hai lakini hakuamka tena.

Chama kilichokosa nafasi ya kumlisha kilipata haraka nauli ya kusafirisha mwili wake. Kila mtu alitoa, na mimi nilitoa fedha za mahema. Kisha wakaniambia, wewe ulikuwa rafiki yake, na unajua kusema, zungumza na mkewe. Nikampigia Mama Nekesa. Alikuwa akilia na aliniuliza swali moja tu: "Alikuwa anakula?" Nikasema ndiyo. Nikasema alikuwa kwa godoro, nikamweleza godoro ni nini, nikamwambia kodi yake ililipwa na chakula kilikuwepo, na ile kazi ya matangi aliitaka mwenyewe kwa kuwa hapendi kukaa bure. Nilimvalisha Wafula msaada wangu mimi. Mama Nekesa akashukuru. Akasema Mungu awabariki, hakufa kama mtu asiye na watu.

Ijumaa chache baadaye Mama Otieno mwenyewe alisema ile sheria imemsumbua usingizi. Akapendekeza mtu mwenye saa chache aseme ni ngapi, na chama kimjazie pale panapopungua, na simu ikinyamaza ajaziwe zaidi. Wote wakakubali. Hata chai haikupoa. Ndivyo ilivyokuwa rahisi, Kerubo, na mimi nilikuwa nimeketi pale, kinywa nimekifunga. Muda mfupi baadaye nilipata kazi hii niliyo nayo, nikashuka kwenye godoro, wakanipigia makofi ya pongezi.

Utakuwa muuguzi. Wauguzi wengi wa siku hizi huanza kwa kuitwa, zamu leo, kesho hakuna, na usidhani utaajiriwa siku utakayovua kofia ya mahafali. Utakaa kwenye hali ya Wafula, na baadaye, Mungu akijalia, utakaa kwenye kiti changu cha shati jeupe, watu waje kukueleza shida zao. Sina maneno ya hekima ya kukupa kwa siku hizo zote mbili. Najua tu kwamba nilitunga sheria kuhusu maisha nisiyoyaishi, na nilipoyaishi nikapita chini ya uzio badala ya kuung'oa, na niliyempita alikuwa amesimama mlangoni akingoja kwa uaminifu. Hata sasa siwezi kukwambia kwamba ningesema ukweli siku ile tungekula. Huenda tungelala njaa. Hilo silijui, na nimechoka kujifanya nalijua. Lakini mtu mmoja alisema ukweli akanyimwa, mwingine akadanganya akapewa, na mimi ndiye niliyepanga iwe hivyo, nikaona ikiwa hivyo, nikanyamaza.

Usichukue mzigo huu uwe wako. Ulikula wali ule kwa sababu ulikuwa mtoto na ulikuwa na njaa. Nikisikia unashindwa kumtazama Nekesa usoni nitaumia mara ya pili. Mtazame. Akitaka kukuuliza, mjibu unachokijua, usinitetee. Na asipotaka kuuliza, osha vyombo, soma vitabu vyako, lala.

Sasa jibu la Mama Nekesa. Nilipomaliza kumweleza, hakulia. Nilisikia sufuria ikitolewa jikoni, nadhani alikuwa akipika. Nikaita, "Mama Nekesa?"

Akasema, "Niko."

Kisha akasema, "Kwa hivyo hakuwa anakula."

Nikasema, "Hakuwa anakula vizuri. La."

Akasema, "Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watoto wake alikuwa anakula."

Nikamwambia kama hataki tena uende kwake, nitakutafutia hosteli, ataeleweka. Akanijibu kwa sauti ile ile, bila kuipandisha: "Mtoto aje. Kitanda kimeshatandikwa, na yeye hakunikosea. Lakini wewe, Baba Kerubo, usinipigie tena. Hata akiugua, atakayenipigia ni mama yake."

Kwa hiyo ukifika, mwanangu, mpigie mama yako. Mimi nitakuwa nimeketi karibu naye, nisikilize.

Baba yako.